Kuchora ramani ya mahitaji ya joto majumbani: hatua kwa hatua, kwa mfano wa jiji la Leicester

Katika miji ya Uingereza, baridi ikianza kuuma, mamilioni ya boila za gesi huwashwa kwa wakati mmoja. Maji ya moto huzunguka kwenye redieta za ukutani mpaka majira ya kuchipua. Sensa ya 2021 ya England na Wales ilionyesha kuwa asilimia 73.8 ya kaya zote zilipasha nyumba joto kwa gesi ya bomba pekee. Jiji likitaka kuachana na gesi hiyo, lazima kwanza lijue joto linahitajika wapi, kiasi gani, na katika nyumba za namna gani. Bila hilo, halmashauri itazika mabomba mahali pasipofaa, au itafunga pampu za joto, yaani mashine za umeme zinazovuna joto la nje, kwenye nyumba ambazo kuta zake zinavujisha joto.

Mwongozo huu unatumia Leicester, jiji la katikati ya England lenye watu wapatao 368,000 kwa sensa hiyohiyo. Nimelichagua kwa sababu data zake nyingi zinapatikana bure na lina nyumba za kila aina. Pia ni jiji ambalo Kiswahili kinasikika: Waasia wengi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 walihamia huko, pamoja na wengine waliotoka Kenya na Tanzania. Hatua zenyewe zinafaa mji wowote wenye majira ya baridi na takwimu zilizo wazi.

Kwanza, tenganisha matumizi na mahitaji

Njia ya mkato ni kuchukua takwimu za mita za gesi, kupaka nyekundu mtaa unaotumia sana na buluu unaotumia kidogo, halafu kuiita kazi hiyo ramani ya mahitaji. Tafadhali usifanye hivyo. Mita hupima gesi ambayo mtu aliweza kuilipia. Haipimi joto ambalo nyumba ingehitaji ili mtoto asilale na koti. Kuna familia nyingi zenye mita za kulipia kabla, mfano wa LUKU yetu, ambazo salio likikaribia kuisha huzima redieta zote na kubaki chumba kimoja. Ramani ya matumizi itaipaka nyumba hiyo buluu, sawasawa na nyumba mpya iliyojengwa vizuri. Mpangaji akiiamini, fedha za ukarabati zitakwenda kwa wenye majumba makubwa yanayochoma gesi ovyo, na anayetetemeka ataachwa kwa hoja kwamba hatumii sana.

Kwa hiyo tutahesabu mahitaji kutoka kwenye jengo lenyewe, kisha tutaziita mita zitoe ushahidi.

Hatua ya 1: Andika swali unalotaka ramani ijibu

Sentensi moja inatosha. "Ni mitaa gani inafaa mtandao wa pamoja wa mabomba ya maji moto?" ni swali tofauti na "Ni nyumba zipi kuta zake zihamiwe kwanza, yaani zikingwe zisipoteze joto?" La kwanza linataka msongamano wa joto kwa kila mita ya barabara, la pili linataka hali ya kila jengo. Ukianza bila swali utapata picha yenye rangi nzuri ambayo hakuna ofisa atakayejua aifanyie nini.

Hatua ya 2: Kusanya data

Utahitaji kompyuta ya kawaida, programu ya kuchora ramani ya QGIS ambayo ni ya bure, na uvumilivu. Weka kila kitu kwenye mfumo mmoja wa viwianishi, ule wa taifa la Uingereza wenye namba EPSG:27700, ili vipimo vyote viwe vya mita. Kisha pakua hivi:

- Vyeti vya nishati vya majengo, maarufu kwa kifupi EPC. Serikali inavitoa bure kwa kila halmashauri. Msimbo wa Leicester ni E06000016. Kila cheti kina eneo la sakafu, aina ya nyumba, maelezo ya kuta, dari, madirisha na chanzo cha joto.
- Takwimu za matumizi ya gesi na umeme kwa postikodi (misimbo ya posta) na kwa vitongoji vya takwimu viitwavyo LSOA, zinazotolewa kila mwaka na wizara ya nishati. LSOA moja ina kaya kati ya 400 na 1,200.
- Michoro ya majengo na nukta za anwani kutoka Ordnance Survey, shirika la taifa la ramani. Nukta hizo, zinazoitwa UPRN, zimekuwa wazi kwa umma tangu Julai 2020. Ndizo gundi ya kazi yote, kwa kuwa namba ileile ya UPRN ipo pia kwenye vyeti vingi vya EPC.
- Data za lida za Shirika la Mazingira la England, zilizopimwa kwa leza kutoka kwenye ndege. Toa kimo cha ardhi kwenye kimo cha paa, utapata urefu wa jengo.
- Majedwali ya sensa ya 2021 yanayoonyesha kaya zinapasha nyumba kwa nini: gesi, umeme, mtandao wa pamoja, au hazina mfumo wowote.

Hatua ya 3: Safisha vyeti

Nyumba moja inaweza kuwa na vyeti vitatu. Bakiza cha karibuni kwa kila UPRN. Angalia pia mambo mawili yanayowapoteza wengi.

La kwanza: safuwima ya matumizi ya nishati kwenye EPC, ile ya kilowati-saa (kWh) kwa kila mita ya mraba, ni nishati ya msingi. Imejumlisha hasara za kuzalisha na kusafirisha nishati, na ndani yake mna taa pia. Ukiizidisha kwa eneo la sakafu na kuiita joto, utakuwa umekosea tangu mwanzo. Chukua kwenye cheti maelezo ya jengo tu, hesabu ya joto ifanye mwenyewe.

La pili: cheti hutolewa nyumba inapojengwa, inapouzwa au inapopangishwa. Familia iliyonunua nyumba katika mitaa ya Belgrave au Highfields miaka ya 1970 na kuishi humo hadi leo haijawahi kuwa na sababu ya kutafuta cheti. Ukizichora nyumba zenye vyeti tu, umewafuta wazee hao kwenye ramani, nao ndio wanaoumizwa zaidi na baridi. Mapengo haya yajazwe kwa kuangalia majirani: nyumba ya mtaa uleule, umbo lilelile na umri uleule hupewa kuta na madirisha ya kawaida ya mtaa huo. Ongeza safuwima inayosema wazi "imekisiwa". Hata vyeti vyenyewe vina makisio mengi, kwa sababu mkaguzi hatoboi ukuta kuona kilichomo.

Hatua ya 4: Hesabu joto la nyumba moja kwa mkono

Fanya hivi kabla ya kuiachia kompyuta nyumba zote za jiji. Ukiielewa nyumba moja, utaigundua mapema kompyuta inapokupa upuuzi.

Chukua nyumba ya mstari, zile zilizoshikana kuta, ya ghorofa mbili na sakafu ya mita za mraba 80. Upana wake ni mita 4.5, na urefu wa kuta mita 5.2. Iko katikati ya safu, hivyo pande mbili zimekingwa na majirani na joto halitokei huko kwa kiasi kikubwa. Kinachobaki ni ukuta wa mbele na wa nyuma, madirisha na milango, paa, sakafu ya chini, na hewa inayopenya.

Kila sehemu ina thamani ya U, yaani wati ngapi zinapita kwenye mita moja ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Zidisha thamani hiyo kwa eneo:

- Kuta za tofali tupu, m² 33 × 1.7 = wati 56 kwa nyuzi
- Madirisha na milango yenye vioo viwili vya zamani, m² 14 × 2.8 = 39
- Paa lenye tabaka jembamba la kuhami darini, m² 40 × 0.4 = 16
- Sakafu ya chini, m² 40 × 0.7 = 28
- Hewa: ujazo wa m³ 208 × 0.33 (uwezo wa hewa kubeba joto) × mabadiliko 0.9 kwa saa = 62

Jumla ni wati 201 kwa kila nyuzi. Sasa ingiza hali ya hewa. Waingereza hutumia siku-digrii zenye msingi wa nyuzi 15.5. Maana yake, nje kukiwa chini ya hapo ndipo nyumba huhitaji kupashwa, kwani tofauti iliyobaki hujazwa na miili ya watu, mapishi, vyombo vya umeme na jua la dirishani. Siku yenye wastani wa nyuzi 5.5 inahesabiwa siku-digrii 10. Kwa mfano huu tuchukue 2,200 kwa mwaka. Wewe tafuta takwimu za kituo cha hali ya hewa kilicho karibu na jiji lako, tena wastani wa miaka mingi.

201 × 2,200 × saa 24 ÷ 1,000 ni karibu kWh 10,600 za joto kwa mwaka. Ongeza maji ya kuoga na kuoshea, tuseme 2,200, upate 12,800. Boila yenye ufanisi wa asilimia 85 ingehitaji gesi ya kWh 15,000 hivi. Mdhibiti wa nishati, Ofgem, alishusha kiwango chake cha nyumba ya kawaida hadi kWh 11,500 mwaka 2023, kwa hiyo hesabu yetu haijaruka mipaka: hii ni nyumba ya zamani inayopashwa ipasavyo.

Sasa isogeze nyumba hiyohiyo hadi mwisho wa safu. Ukuta wa pembeni wa m² 46 unabaki uchi, na wati 78 zinaongezeka kwa kila nyuzi. Mahitaji ya kupasha yanapanda kutoka kWh 10,600 hadi 14,700 na zaidi, ingawa sakafu, tofali na mtaa ni vilevile. Ndiyo maana mtu anayekadiria joto kwa eneo la sakafu peke yake hukosea hata ndani ya mtaa mmoja.

Hatua ya 5: Eneza hesabu jiji zima

Andika kanuni hiyo kwenye kikokotoo cha QGIS au kwenye hifadhidata, kisha ipitishe kwenye kila anwani. Ugumu uko kwenye kuta za nje. Michoro ya bure ya Ordnance Survey mara nyingi huunganisha safu nzima ya nyumba kuwa poligoni moja, yaani umbo moja kwenye ramani. Hesabu nukta za anwani zilizomo, gawanya eneo la poligoni kwa idadi hiyo, na zichukulie nukta mbili za ncha kuwa nyumba za mwisho. Pale ambapo cheti cha EPC kinataja umbo la nyumba, cheti ndicho kifuatwe.

Jihadhari: UPRN hupewa pia gereji, maduka, hata vituo vidogo vya umeme. Linganisha idadi ya nukta zako na idadi ya kaya za sensa katika kila LSOA. Zikizidi sana, kuna visivyo nyumba ndani yake.

Kwa fleti, jiulize kila moja iko ghorofa ya ngapi. Fleti ya katikati haina paa wala sakafu inayopoteza joto. Ya juu ina paa. Cheti husaidia hapa pia.

Hatua ya 6: Ita mita zitoe ushahidi

Hapa ndipo ramani inapopata thamani, kwa hiyo usiharakishe.

Kwa kila postikodi au LSOA, jumlisha gesi uliyoikokotoa. Gawanya gesi iliyopimwa kwa hiyo uliyoikokotoa. Uwiano wa karibu na 1 unaonyesha kuwa makisio yako ya majengo yana mwelekeo. Kabla ya kugawanya, fahamu jinsi takwimu za serikali zilivyoandaliwa. Zimekwisha kurekebishwa kwa hali ya hewa, kwa hiyo usirekebishe tena. Mwaka wa gesi hauanzii Januari. Postikodi zenye mita chache mno hufichwa kulinda faragha. Na mita yoyote inayopitisha zaidi ya kWh 73,200 kwa mwaka huhesabiwa ya biashara, hata kama inalisha boila moja ya jengo la fleti. Kinyume chake, duka dogo huhesabiwa nyumba. Kwenye Belgrave Road, na maduka yake ya sari, dhahabu na vitamutamu, hilo peke yake linaweza kuvuruga uwiano wa mtaa.

Kisha tazama mahali uwiano ulipo chini, kwa mfano 0.6. Kuna sababu kadhaa, na kila moja inataka hatua yake.

Huenda watu hawatumii gesi kupasha nyumba. Linganisha idadi ya mita na idadi ya kaya. Huko St Matthews, kaskazini-mashariki ya katikati ya jiji, makazi ya halmashauri yako kwenye mtandao wa pamoja wa joto. Ramani ya gesi ya nyumbani itakuonyesha utupu mahali ambapo familia nyingi huoga maji ya moto kila siku. Hizo zihesabiwe kwa takwimu za mtandao wenyewe.

Huenda nyumba zimekwisha kukarabatiwa na cheti ni cha kale. Cheti hudumu miaka 10, na mengi hufanyika ndani ya miaka hiyo.

Au nyumba ni za baridi na watu wanajibana. Weka juu yake takwimu za serikali za umaskini wa nishati, ambazo huitaja kaya yenye nyumba ya daraja D la cheti cha nishati au chini yake na kipato kinachobaki chini ya mstari wa umaskini baada ya gharama za makazi na nishati. Uwiano mdogo, kuta za tofali tupu na umaskini vikikutana mtaa mmoja, umepata mahali pa kuanzia kazi. Ukiona jambo hilo, usiishushe hesabu yako ili ifanane na mita! Wataalamu wengi hufanya hivyo kwa jina la kurekebisha modeli, na kwa kufanya hivyo wanaugeuza ufukara kuwa kiwango rasmi cha mahitaji. Weka safuwima mbili, mahitaji na matumizi, na uchore ya tatu inayoonyesha pengo lililo kati yake.

Ni kweli kwamba hesabu ya jengo huwa na tabia ya kupandisha matumizi ya nyumba mbovu kuliko hali halisi. Utafiti wa 2023 wa University College London (UCL) uliolinganisha vyeti na mita za kisasa ulionyesha hivyo, tena hata kwa nyumba zinazopashwa joto kwa viwango vinavyolingana na vya cheti. Basi rekebisha unachoweza kukithibitisha kwenye jengo, kama vile thamani ya U ya ukuta au hewa inayopenya, na umwache mkazi na haki yake ya nyumba yenye joto.

Hatua ya 7: Toka ofisini

Chagua mitaa michache ambayo uwiano wake unakushangaza, kisha tembea. Tofali zitakueleza mengi. Ukiona kwenye ukuta mstari wenye upande mrefu wa tofali, kisha kichwa chake kifupi, kisha mrefu tena, huo kwa kawaida ni ukuta mzito usio na uwazi ndani. Ukiona pande ndefu tupu, pengine ni kuta mbili zenye uwazi katikati. Vidoa vidogo vya saruji vilivyopangika kwenye viungo ni alama kwamba uwazi huo ulijazwa kitu cha kuhami.

Ongea na watu kupitia misikiti, mahekalu, makanisa na vituo vya jamii, tena kwa lugha yao. Mzee wa Highfields atamjibu kijana anayemwamkia "shikamoo" majibu ambayo hojaji ya halmashauri haitayapata. Muulize unapasha vyumba vingapi, saa ngapi, na nani hubaki nyumbani mchana. Usimuulize kama nyumba yake ni ya baridi, maana wengi watasema wako salama.

Hatua ya 8: Geuza nyumba kuwa msongamano

Kwa mpango wa mabomba, gawa jiji kwa miraba ya mita 100 kwa 100, na ujumlishe megawati-saa (MWh, kila moja ni kWh 1,000) kwa kila hekta. Halafu fanya kipimo cha pili, joto kwa kila mita ya barabara. Mtaa wetu wa nyumba za mstari, zilizo pande zote mbili kwa upana wa mita 4.5, una nyumba 0.44 kwa kila mita. Mara MWh 12.8, unapata MWh 5.7 kwa mita kwa mwaka. Mtaa wa nyumba pacha, zilizoshikana mbilimbili, zenye viwanja vya mita 9.5 na mahitaji ya MWh 14 kila moja unapata chini ya 3. Huko Scotland, mikakati ya halmashauri hutumia vizingiti vya MWh 4 na 8 kwa mita, pamoja na jengo kubwa la kutegemewa linalotumia angalau MWh 500 kwa mwaka. Leicester ina hospitali na vyuo vikuu viwili vya kutazamwa kwa jicho hilo. Kumbuka tu kwamba hesabu hii haijaingiza bomba dogo la kuingia kila nyumba, ambalo huongeza gharama sana.

Chora pia ramani ya baada ya ukarabati. Ukiihami nyumba yetu kuta kwa ndani hadi thamani ya U ya 0.3, wati 201 zinakuwa 155, na kWh 2,400 hivi zinaokolewa kila mwaka. Bomba huzikwa kwa miongo kadhaa. Lipimwe kwa joto litakalobaki, si la leo peke yake.

Hatua ya 9: Hesabu usiku mbaya kuliko wote

Jumla ya mwaka haiwezi kukuambia kama nyaya zitahimili. Nje kukiwa nyuzi 3 chini ya sifuri na ndani 20, nyumba yetu inataka 201 × 23, yaani kilowati 4.6 za joto. Pampu ya joto inayotoa mara mbili na nusu ya umeme inaoula itavuta kilowati 1.8. Jumlisha nyumba zote zinazolishwa na transfoma moja, kisha linganisha na nafasi iliyobaki kwenye ramani za wazi za National Grid Electricity Distribution, kampuni inayosambaza umeme eneo hilo. Mtu na jirani yake hawapiki dakika ileile, lakini baridi huwapata wote pamoja, hivyo punguzo la kupishana liwe dogo.

Hatua ya 10: Chapisha bila kumwanika mtu

Hesabu ya nyumba mojamoja ibaki ofisini. Kwa umma toa hekta au LSOA, na uunganishe miraba yenye nyumba chache. Ramani inayosema nyumba fulani haiwashi joto ni aibu kwa mwenyewe na fursa kwa matapeli wa ukarabati. Kila eneo lionyeshe sehemu ya nyumba zake zilizokisiwa, mwaka wa data ya gesi, na siku-digrii zilizotumika. Vyeti vipya hutoka mfululizo na takwimu za gesi hutoka kila mwaka, kwa hiyo hifadhi hatua zote kama msimbo unaoweza kuendeshwa upya, na panga kuurudia kila takwimu mpya za postikodi zikitoka, ukianza na mitaa ile ambayo pengo kati ya mahitaji na matumizi lilikuwa kubwa.